Rehani Pasipo Hatimiliki: Kulinganisha Mikopo ya Nyumba kwa Jicho la Mkazi wa Mwea

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kukopa harusi, kulipa matanga. Kila mkopo wa nyumba unapotajwa, methali hii haikosi msemaji, na aghalabu mazungumzo hukomea hapo. Busara yake haina shaka. Hata hivyo, haimfai mtu ambaye amekwisha kuamua kukopa, na ambaye anachotaka kujua ni mlango upi wa kubisha na upi wa kupita mbali. Makala haya yananuia kumfaa mtu huyo. Yanafafanua aina kuu za mikopo ya nyumba nchini Kenya na kuzilinganisha, huku yakimchukua mkazi wa Mwea, Kaunti ya Kirinyaga, kuwa kielelezo.

Tumemchagua mkazi wa Mwea kwa sababu maalumu. Wengi wetu hulinganisha mikopo kwa kutazama riba pekee: asilimia 9 hapa, 12 pale, 15 kule. Mtazamo huu unaanzia swali la pili. Swali la kwanza ni hili: mkopeshaji anataka ashike nini hadi deni lilipwe? Anayeshindwa kulijibu hafikii kamwe lile la riba. Hakuna mahali tunapoweza kuliona jambo hili waziwazi kuliko katika mashamba ya mpunga yanayozunguka mji wa Wang'uru, ambao wenyeji wengi huuita Ngurubani.

Neno rehani na jamaa zake

Neno rehani limetoholewa kutoka Kiarabu, na maana yake ni mali inayofungwa kwa deni hadi deni lilipwe. Mali hiyo ikisharudi mikononi mwa mwenyewe bila kizuizi, twasema ameikomboa. Katika maongezi ya kila siku rehani huchanganywa na maneno mengine matatu ambayo mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kuyatenga. Dhamana ni neno pana zaidi. Laweza kuwa mali au mtu, na mtu huyo huitwa mdhamini. Amana ni kitu alichokabidhiwa mtu akihifadhi, wala hapana deni ndani yake. Poni nayo ni kitu kinachobebeka, kama saa au mkufu, ambacho mkopeshaji hukaa nacho mwenyewe. Nyumba haiwekwi poni. Anayeiweka rehani huendelea kulala ndani yake.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Wapo wanaoamini kwamba ukichukua mkopo wa nyumba, nyumba ni ya benki hadi shilingi ya mwisho. Sivyo. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya 2012, haki ya mkopeshaji husajiliwa juu ya ardhi kama dhamana, na umiliki hauhami. Anachopata mkopeshaji ni uwezo wa kuuza iwapo mkopaji atashindwa kulipa, tena baada ya hatua kadhaa tutakazozitaja.

Wazo lenyewe halikuletwa na mabenki. Katika karne ya 19 wenye mashamba ya karafuu wa Unguja na Pemba walikopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na kwa vile Uislamu unaharamisha riba, mikataba mingi iliandikwa kama mauzo yenye hiari ya kukomboa. Bara nako, miongoni mwa Wagikuyu, ardhi iliweza kutolewa kwa mbuzi na ng'ombe kwa masharti kwamba mwenyewe au wanawe wangeirudisha mifugo hiyo na kuchukua ardhi yao. Kukomboa kulikuwapo. Kilichokosekana ni karatasi.

Karatasi mbili za mwaka mmoja

Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilitoa Mpango wa Swynnerton. Mojawapo ya shabaha zake ilikuwa kuyaunganisha mashamba yaliyotapakaa katika nyanda za juu za Mkoa wa Kati, kuyapima na kuyasajili, ili mkulima apate hatimiliki ambayo angeweza kuitumia kukopea. Hivyo ndivyo mkulima wa kahawa au majani chai katika miinuko ya Nyeri alivyokuja kupata kitu cha kuweka mezani mwa mkopeshaji.

Katika mwaka huohuo, chini kwenye tambarare ya Mwea, mahabusu wa Mau Mau walikuwa wakichimba mifereji ya kuleta maji ya mito ya Thiba na Nyamindi mashambani. Mpango wa unyunyizaji ulipokamilika, watu wasiokuwa na ardhi walipewa takriban ekari nne kila mmoja walime mpunga. Hawakupewa hatimiliki. Walipewa leseni.

Baada ya uhuru, Sheria ya Unyunyizaji ya 1966 iliunda Bodi ya Kitaifa ya Unyunyizaji, na kanuni za 1977 zikayabainisha masharti ya leseni hiyo. Ilihuishwa mwaka baada ya mwaka. Mwenye leseni hakuruhusiwa kujenga jengo katika shamba bila idhini ya meneja wa mpango. Alipaswa pia kumtaja mrithi mmoja. Wakulima waliasi mwishoni mwa miaka ya 1990, chama chao cha ushirika kikaanza kuuza mpunga nje ya mkono wa Bodi, na mambo mengi yakabadilika katika soko na katika maji. Sheria ya Unyunyizaji ya 2019 ikaweka Mamlaka ya Kitaifa ya Unyunyizaji mahali pa Bodi, na Bwawa la Thiba likakamilika mwaka 2022. Ila mkulima ambaye bado anashikilia leseni hushikilia karatasi ambayo msajili wa ardhi hawezi kuiandikia rehani.

Tulinganishe basi mikopo tukiwa na majirani wawili wa kubuni: mwalimu wa shule ya sekondari mwenye mshahara wa shilingi 60,000 na ploti yenye hatimiliki pembeni mwa Kutus, na mkulima wa mpunga mwenye leseni ya ekari nne, nyumba ya mabati katika kijiji cha mpango, na watoto watano.

Benki

Mkopo wa kawaida wa benki unashika ardhi na nyumba iliyo juu yake. Benki itataka hatimiliki iliyosajiliwa kwa jina la mkopaji, ripoti ya mthamini, ithibati ya mapato, na malipo ya awali. Kama nyumba ni ya ndoa, mwenzi wa mkopaji sharti aridhie. Sheria ya 2012 imelitia mkazo jambo hili, na wake wengi wameokoka kwalo. Kuna pia gharama ambazo matangazo huzipitia kwa sauti ya chini: ushuru wa stempu, ambao kwa anayenunua ni asilimia 4 ya thamani mjini na asilimia 2 mashambani, ada ya wakili, ada ya mthamini, na bima ya maisha na ya nyumba.

Riba ya benki yaweza kuwa ya kudumu au ya kubadilika. Ya kubadilika hufuata kiwango cha Benki Kuu. Kiwango hicho kilipofikishwa asilimia 13 Februari 2024, waliokuwa na mikopo ya aina hii walipata barua za kupandishiwa malipo. Kikaanza kushushwa Agosti mwaka huohuo, na barua za kushushiwa, kama ilivyo ada, hazikufika kwa kasi ileile.

Mkopo huu ni wa wachache mno. Kufikia mwisho wa 2023 nchi nzima ilikuwa na mikopo ya rehani takriban 30,000, na wastani wa mkopo mmoja ulizidi shilingi milioni 9. Kwa taifa lililohesabu watu zaidi ya milioni 47 mwaka 2019, hiyo ni idadi ndogo.

Mfereji mkuu wa KMRC

Ili kushusha riba, serikali kwa ushirikiano na mabenki, Sacco na wafadhili iliunda kampuni iitwayo KMRC mwaka 2018, nayo ikapata leseni ya Benki Kuu mwaka 2020. Hapa pana kosa linalorudiwa mara nyingi. KMRC haimkopeshi mwananchi. Huzikopesha taasisi kwa riba nafuu na kwa muda mrefu, kisha taasisi hizo ndizo zinazomkopesha mkopaji kwa riba ya tarakimu moja. Mtu wa Mwea ataelewa upesi: KMRC ni mfereji mkuu, na maji humfikia mkulima kupitia kijifereji cha kwake. Miongoni mwa wenye hisa wake wa mwanzo ni Bingwa Sacco, iliyo na makao makuu papa hapa Kirinyaga, mjini Kerugoya. Kijifereji basi kipo karibu.

Mwanzoni, mkopo wa mpango huu haukuzidi shilingi milioni 3 kwa walio nje ya eneo la Nairobi na viunga vyake, na ulikusudiwa wenye mapato yasiyozidi shilingi 150,000 kwa mwezi. Vikomo vya mkopo vimepandishwa tangu hapo. Kwa mwalimu wetu huu ni mlango mwema. Kwa mkulima wetu haukufunguka, kwa kuwa ingawa riba imeshuka, kinachoshikwa ni kilekile: hatimiliki.

Sacco

Sacco nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba ya mwanachama, kwa riba ya karibu asilimia 12 kwa mwaka juu ya salio, na kwa muda wa miaka michache. Hazina haja ya hatimiliki kwa mkopo wa kawaida. Zinataka wadhamini, yaani wanachama wenzako walio tayari akiba yao ikatwe iwapo utashindwa.

Sifa hii huelezwa kama urahisi, na ni urahisi kweli. Lakini tuitazame kwa jicho la maana ya maneno tuliyoyatenga hapo awali. Benki imeshika nyumba. Sacco imemshika jirani, mwalimu mwenzako, shemeji, mtu mnayeketi naye kanisani. Mkopo wa benki ukiharibika, mnada hutangazwa gazetini. Wa Sacco ukiharibika, hakuna mnada. Kuna mtu mmoja aliyekatwa akiba aliyoiweka kwa ajili ya karo ya mwanawe, na salamu zenu zimekwisha. Haipo jedwali la riba inayoionyesha gharama hiyo.

Pensheni, na Nyumba za Bei Nafuu

Mwajiriwa aliye katika mfuko wa pensheni uliosajiliwa anaweza kutumia hadi asilimia 60 ya mafao yaliyokusanyika kuwa dhamana ya mkopo wa nyumba. Tangu 2020 anaweza pia kutoa hadi asilimia 40, isiyozidi shilingi milioni 7, kununulia nyumba ya kuishi moja kwa moja. Anachokiweka hapa rehani ni uzee wake. Kwa mtu wa miaka 35 asiye na pa kulala, hoja yaweza kukubalika. Kwa wa miaka 56, ajiulize mara mbili.

Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 ndiyo iliyozua mjadala mkubwa zaidi, kwa kuwa kila mwajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake ghafi, na mwajiri huongeza kiasi hichohicho. Wengi wamedhani makato haya ni akiba au malipo ya awali ya nyumba yao. La hasha. Ni tozo. Haimpi aliyekatwa nyumba wala haki ya kurudishiwa. Anayetaka nyumba hujisajili kivyake, hulipa malipo ya awali, na akipangiwa nyumba huilipa kwa miaka mingi kwa riba iliyo chini mno ya ile ya benki. Kinachoshikwa ni nyumba hiyohiyo, kwa hiyo asiye na ardhi hazuiliwi. Huu ni ubora wa kweli. Upungufu wake ni kwamba mnunuzi hawezi kuiuza bila idhini ya maandishi ya bodi inayosimamia mpango, na kwamba nyumba nyingi za mpango huu ni za ghorofa mijini. Mkulima anayetakiwa kuwa kwenye majaruba alfajiri kufukuza ndege hana la kufanya na nyumba ya ghorofa ya tano Nyeri. Sheria inataja pia nyumba za mashambani; hilo ndilo la kufuatiliwa na watu wa Mwea kwa makini.

Kwa wasiotaka riba kwa sababu za dini, zipo benki za Kiislamu zinazoshirikiana na mteja kununua nyumba, kisha mteja akainunua sehemu ya benki kidogo kidogo huku akilipa kodi ya sehemu iliyobaki. Gharama yake hulinganishwa kwa jumla ya malipo, kama mikopo mingine.

Hesabu

Tuseme mwalimu wetu anahitaji shilingi milioni 2 kujenga. Akipata mkopo wa riba ya asilimia 9 kwa miaka 20, atalipa takriban shilingi 18,000 kila mwezi, na jumla ya shilingi milioni 4.32. Akichukua wa benki kwa asilimia 15 kwa miaka hiyohiyo, atalipa 26,300 kwa mwezi, na jumla ya milioni 6.32. Katika mwezi wa kwanza wa mkopo huu wa pili, shilingi 25,000 kati ya alizolipa ni riba. Deni limepungua kwa 1,300 na ushei tu.

Akichukua wa Sacco wa asilimia 12 kwa miaka 6, atalipa 39,100 kwa mwezi, na jumla ya milioni 2.82. Msomaji atazame vizuri. Riba ya asilimia 12 imemgharimu shilingi laki 8 na ushei, ilhali ile ya asilimia 9 imemgharimu milioni 2.32. Muda ndio uliofanya hivyo. Riba ya chini kwa miaka mingi yaweza kula zaidi ya riba ya juu kwa miaka michache.

Je, achague Sacco? Hawezi. Sheria ya ajira inataka thuluthi moja ya mshahara ibaki baada ya makato yote, na 39,100 pamoja na ushuru na makato mengine vinavuka thuluthi mbili za 60,000. Tena angehitaji akiba ya karibu shilingi 667,000 kabla ya kukopeshwa. Mkopo wenye gharama ndogo zaidi ni wa mwenye mapato makubwa zaidi. Mwalimu wetu atachukua ule wa asilimia 9, na jambo la busara kwake ni kuulizia mapema iwapo anaweza kulipa zaidi ya kiwango cha mwezi bila kutozwa faini, ili aufupishe.

Pana mtego mmoja wa lugha ambao wanaotafsiri nyaraka za mikopo hawana budi kuutegua. Usemi "riba ya asilimia 12" una maana mbili. Riba juu ya salio hupungua kadiri deni linavyopungua. Riba bapa hutozwa juu ya mkopo wa awali hadi mwisho, hata kama umebaki na deni la shilingi moja. Mkopo uleule wa milioni 2 kwa miaka 6, kwa asilimia 12 bapa, hulipwa 47,800 kwa mwezi, na jumla ni milioni 3.44. Hiyo ni sawa na riba juu ya salio ya karibu asilimia 20. Tofauti ya zaidi ya shilingi laki 6 imefichwa katika neno moja lililoachwa nje ya sentensi.

Malipo yanapokwama

Katika mkopo wa rehani, mkopaji akichelewa kwa mwezi mmoja hupewa notisi ya miezi isiyopungua mitatu arekebishe, kisha notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuzwa, na mwenziwe wa ndoa hupewa nakala. Mkopeshaji ana wajibu wa kutafuta bei bora inayowezekana. Tangu 2007, riba inayodaiwa baada ya mkopo wa benki kuharibika haiwezi kuzidi salio la deni la siku ulipoharibika. Haya ni mambo ambayo mkopaji anapaswa kuyajua kabla ya kutia saini, na hati anayoitia saini huandikwa kwa Kiingereza. Tunaosomea tafsiri na kulalamika kuwa hapana kazi tuzitazame hati hizi.

Na mkulima?

Tumrudie jirani wa pili. Ekari zake nne zimeilisha nchi pishori kwa zaidi ya miaka hamsini, babake akiwa wa kwanza kuzilima. Benki haiwezi kuzishika. Pensheni hana. Amebakiwa na Sacco na wadhamini, ama chama cha ushirika kinachomkopesha mbolea na gharama za kulima kisha kikakata wakati wa mavuno. Lakini huo ni mkopo wa msimu, si wa nyumba.

Hata angekuwa na hatimiliki, kuna kikwazo cha pili. Mikopo mingi ya nyumba imepangwa kwa mtu wa mshahara, nayo hudai marejesho kila mwezi. Mpunga wa msimu mkuu hupandwa kuanzia Julai na Agosti, ukavunwa mwishoni mwa mwaka. Mkopo ambao ungemfaa ni ule wa kulipwa mara moja au mbili kwa mwaka, baada ya mpunga kuanikwa na kuuzwa. Haya ni masharti ambayo Sacco iliyo karibu naye inaweza kuyaandika pasipo kungoja bunge.

Wanachokifanya wengi Mwea kinaeleweka tukishayajua haya. Mavuno yakiwa mazuri, mkulima hununua kipande kidogo cha ardhi nje ya mpango, pande za Kutus, Kagio au kando ya mji wa Wang'uru. Mwaka unaofuata huchimba msingi. Mwingine hupandisha ukuta. Riba halipi, ila hulipa kwa namna nyingine: bei ya saruji hupanda kila mwaka, na watoto hukua kabla ya paa. Akiulizwa kwa nini anunue huko ilhali ana ekari nne, hujibu kuwa anataka kitu chenye karatasi. Na hapo awe mwangalifu, kwa sababu ploti nyingi huuzwa na kampuni za ardhi kwa cheti cha hisa na ahadi kwamba hatimiliki itafuata. Cheti cha hisa hakishikiki na benki, sawa na leseni aliyoikimbia. Kabla ya kulipa, aende afisi ya ardhi Kerugoya afanye upekuzi wa sajili, aone jina lililoandikwa pale ni la nani.